Kadi Zilizo Kwenye Droo ya Muuguzi

Katika somo la idadi ya watu na maendeleo, ambalo nimelifundisha kwa zaidi ya miaka kumi sasa, huwa nawauliza wanafunzi swali moja kabla sijagusa takwimu yoyote: kwa nini mwanamke wa Tanzania ambaye hataki kupata mimba kwa sasa hatumii njia yoyote ya kuizuia? Majibu huwa yale yale kila mwaka. Elimu duni. Mila potofu. Dini. Wasichana husema hivyo, wavulana husema hivyo, na mara kadhaa nimeyasikia pia katika warsha za watumishi wa umma, yakitamkwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao kazi yao ni kupanga bajeti za afya za halmashauri.

Majibu hayo yana chembe ya ukweli. Kasoro yake ni kwamba yote yanaliweka tatizo ndani ya kichwa cha mwanamke. Yanachukulia kwamba akielimishwa ataamua, na akiamua atatumia. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini naona tumelishika swali hili kwa upande usio wake. Wanawake wengi wamekwisha kuamua. Kinachowashinda ni gharama ya kuutekeleza uamuzi huo mbele ya mume, wakwe, zahanati na, wakati mwingine, serikali yenyewe.

Tuanze na takwimu za kitaifa. Mwaka 1991–92, wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walikuwa takriban asilimia 7. Mwaka 2004–05 walifika asilimia 20, mwaka 2010 asilimia 27, na mwaka 2015–16 asilimia 32. Kisha safari ikasimama: utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 31. Katika kipindi hicho chote wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulishuka kutoka zaidi ya 6 hadi 4.8. Utafiti huo wa 2022 unaonyesha pia kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya watano walioolewa anataka kupumzika au kuacha kabisa kuzaa, lakini hatumii njia yoyote. Na jambo ambalo wanafunzi wangu hulipokea kwa mshangao ni hili: karibu kila mwanamke nchini amesikia angalau njia moja ya kisasa. Anazijua sindano, vidonge, vijiti, kitanzi na kondomu. Tunapoendelea kuchapisha mabango ya kumwambia kwamba njia hizo zipo, tunamjibu swali ambalo hakuuliza.

Je, ni dini? Hapa naomba msomaji aitazame ramani ya nchi. Katika utafiti wa 2015–16, mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza nchi nzima, takriban nusu ya wanawake walioolewa wakitumia njia za kisasa. Kusini Pemba hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Mikoa yote miwili ina Waislamu wengi. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wameruhusu azl, yaani mume kumwaga nje, kwa kuwa masahaba waliifanya zama za Mtume, na wengi wao wamezipima njia za kisasa za muda kwa kipimo hicho. Kwa upande wa Wakatoliki, waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968 ulizikataza waziwazi njia zisizo za asili. Hata hivyo Kilimanjaro, mkoa wenye Wakatoliki na Walutheri wengi, umekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa mikoa yenye uzazi mdogo kuliko mingine. Dini ina nguvu, sikatai, lakini haiwezi peke yake kueleza tofauti kubwa kiasi hiki baina ya watu wanaosali kuelekea upande mmoja.

Tukitafuta maelezo mengine, tutayakuta katika mambo ambayo mabango hayayataji. Kusini mwa nchi, Wamakonde, Wamwera na Wayao kwa asili hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa upande wa mama, na mwanamke huwa na ndugu zake karibu. Sisemi kwamba hilo ndilo sababu yote, kwa maana Ruvuma nayo ilifanya vizuri katika utafiti ule ule na Wangoni hufuata ukoo wa baba. Lakini mwanamke ambaye watoto wake si deni kwa ukoo wa mume ana nafasi kubwa zaidi ya kusema imetosha. Kilimanjaro jambo lililozungumza ni ardhi. Kihamba kilichogawanywa kwa wana wa vizazi vitatu hakigawanyiki tena, na baba anayelijua hilo hahitaji semina. Elimu ya mwanamke nayo ina uzito wake: mwanamke asiyekwenda shule kabisa huzaa karibu mara mbili ya yule aliyefika sekondari. Lakini naona shule hufanya kazi yake kwa njia ndefu. Humchelewesha kuolewa, humpa kipato, na humpa ujasiri wa kuzungumza na mume na kumuuliza muuguzi maswali. Anayesema tatizo ni elimu aeleze anakusudia ipi kati ya hizo, kwa sababu kipeperushi hakitoi hata moja.

Mimi nimetoka upande wa pili wa ramani. Nimezaliwa Usukumani, katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 linaitwa mkoa wa Simiyu. Mama yangu alizaa mara tisa, na saba tukaishi. Kwetu ardhi ilikuwa bado pana, ng'ombe walihitaji wachungaji na pamba ilihitaji wavunaji. Mahari ililipwa kwa ng'ombe, na kila mtu alielewa walikuwa wanalipia nini. Mtu akinitajia mila potofu, huwa namwomba afikirie kwanza kaya ya mwaka 1980 isiyo na pensheni, isiyo na trekta, na ambayo imekwisha kuzika watoto wawili kwa surua na malaria. Kuzaa wengi katika kaya ile ilikuwa hesabu iliyopigwa vizuri. Hesabu hiyo imebadilika kwa sababu watoto wengi zaidi wanaishi, sare za shule zina bei, na malisho yamepungua. Tatizo ni kwamba haikubadilika kwa watu wote wa kaya kwa wakati mmoja. Kwa kawaida mwanamke huigundua kwanza, kwa kuwa mwili unaolipa ni wake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa dada yangu. Ninaandika habari zake kwa ridhaa yake, na shemeji yangu anajua kwamba ninaandika. Aliolewa miaka ya tisini, mimi nikiwa sekondari, na alipofikisha miaka ishirini na minane alikuwa na watoto watano. Baada ya uzazi wa tano, ambao ulimtoa damu nyingi, aliamua kupumzika. Hakuhitaji mtu wa kumshawishi. Alichagua sindano, na alipoulizwa na muuguzi kwa nini, alitoa sababu ambayo sikuikuta katika kitabu chochote nilichosoma chuoni: sindano haina kitu cha kuficha nyumbani. Vidonge vina pakiti. Kijiti kinapapaswa chini ya ngozi ya mkono. Kondomu ni ya mwanamume kuamua. Sindano unaondoka nayo mwilini, na asiyekuona ukichomwa hajui.

Kilichobaki ni kadi, na kadi aliiacha kwa muuguzi. Chini ya meza ya yule mama palikuwa na droo yenye kadi za namna hiyo kadhaa, zimefungwa kwa ufito wa mpira, kila moja ya mwanamke ambaye nyumbani kwake hapajulikani kwamba anatumia. Tarehe zake za kurudi, kila baada ya miezi mitatu, zilipangwa ziangukie siku ya mnada, kwa kuwa siku hiyo mwanamke hahitaji kueleza anakwenda wapi. Kwa takriban miaka miwili mpango huo ulifanya kazi. Hakuna mwongozo wa wizara uliowafundisha. Wanawake wawili walielewana, wakatengeneza huduma iliyolingana na maisha ya mmoja wao.

Kisha siku moja ya mnada akaambiwa sindano zimekwisha. Arudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata hapakuwa na mnada wa kumpa sababu ya kutoka, na mnada uliofuata alikuta bado hazijaletwa. Muuguzi alimpa kondomu, akazitupa njiani kwa kuwa hakuwa na pa kuziweka wala wa kuzitumia naye. Mwezi wa nne alikuwa mjamzito. Mtoto aliyezaliwa ni mpwa wangu ninayempenda sana, na sasa yuko chuo cha ualimu. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kuzungumzia mimba isiyotarajiwa ni kumkana mtoto. Dada hajawahi kumkana. Lakini uzazi ule ulimtoa damu tena, safari hii kuliko mara ya kwanza, na alifikishwa hospitali ya wilaya kwa baiskeli na kisha kwa gari la pamba. Angeweza kufa kwa sababu boksi moja la sindano halikufika zahanati kwa wakati.

Naomba watumishi wa umma wanaosoma hapa waitazame habari hii kwa jicho la kazi yao. Sera inasema huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya umma ni bure, na miongozo haidai idhini ya mume. Karatasi ni nzuri. Lakini mwanamke anayetumia kwa siri hana uvumilivu wa ratiba tunaoudhania. Dawa ikikosekana, yule anayetumia kwa uwazi atarudi kesho, au mume atampeleka kituo kingine kwa pikipiki. Anayetumia kwa siri amepoteza miezi mitatu. Upungufu wa dawa huwapiga zaidi wale ambao tayari wana nafasi ndogo, na hilo halionekani katika taarifa ya robo mwaka, kwa sababu taarifa huhesabu dozi na haihesabu safari zilizoambulia patupu.

Zaidi ya theluthi moja ya wanawake wanaoanza njia fulani huiacha kabla ya mwaka kwisha, na madhara ya njia hizo ni miongoni mwa sababu kubwa. Hapa pia tumezoea kusema ni uvumi. Uvumi upo, lakini mara nyingi umeota juu ya jambo la kweli. Sindano huweza kuvuruga hedhi: damu ikatoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, au isionekane kabisa. Kwa muuguzi hilo ni dogo. Kwa mwanamke Mwislamu ni swali kuhusu swala na saumu yake. Kwa mwanamke mwenye siri ni ushahidi ambao mume ataukuta kitandani. Baada ya kuacha sindano, uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kurudi kwa miezi mingi, wakati mwingine karibu mwaka. Kitaalamu hilo si ugumba. Lakini katika nyumba ambamo bibi arusi huhesabiwa miezi, mwaka mmoja unatosha kabisa kumletea mke mwenza. Mwanamke anayeogopa sindano kwa sababu hiyo anaijua nyumba yake vizuri. Anachohitaji ni mtu wa kumweleza ukweli wote mapema, na njia nyingine iliyopo kabatini ili achague.

Serikali nayo imo nyumbani humo, na imekuwa ikizungumza kwa sauti zaidi ya moja. Chama cha uzazi na malezi bora, UMATI, kilianza kazi mwaka 1959. Mwaka 1969, akiwasilisha mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alitahadharisha kwamba watu wafikirie uwezo wa kuwatunza watoto na si idadi yao tu. Programu ya taifa ya uzazi wa mpango ilizinduliwa mwaka 1989, na sera ya idadi ya watu ikafuata mwaka 1992. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mzunguko wa miezi 36, na inampa baba siku 3. Kisha Septemba 2018, huko huko Simiyu, wilayani Meatu, Rais Magufuli aliwaambia wananchi kwamba wanaopanga uzazi ni wavivu wasiotaka kufanya kazi ya kulisha familia zao. Siku chache baadaye Wizara ya Afya ilisimamisha matangazo ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakirushwa redioni na kwenye runinga.

Sitadai kwamba kauli hiyo ndiyo iliyosimamisha takwimu kwenye asilimia 31. Takwimu za taifa zina mikono mingi. Ninachojua ni kilichotokea katika ukoo wetu. Mjomba wangu mmoja, ambaye binti yake alikuwa akitumia kijiti kwa makubaliano na mumewe, aliisikia kauli ile redioni na akaitumia kama hoja kwa miezi kadhaa. Kijiti kilitolewa. Binti huyo hakuwa amebadilisha mawazo. Nguvu ya maneno ya kiongozi wa nchi haikupitia kwake. Ilipitia kwa wanaume waliomzunguka, ambao walikuwa wanatafuta tu mtu mkubwa wa kuwaunga mkono.

Hapo ndipo penye mjadala mgumu zaidi ambao wanaharakati tunaukwepa: mwanamume awekwe wapi? Mwaka 2014 wachumi watatu, Nava Ashraf, Erica Field na Jean Lee, walichapisha utafiti walioufanya Lusaka, Zambia. Wanawake walioolewa walipewa vocha ya kumwona muuguzi na kupata njia za kisasa. Baadhi walipewa wakiwa peke yao, wengine wakiwa pamoja na waume zao. Waliopewa peke yao walizitumia zaidi njia zinazofichika, na uzazi wasioutaka ulipungua kwa asilimia 57 wakilinganishwa na wale waliopewa mbele ya waume. Lakini wanawake hao hao, walipohojiwa baadaye, walionyesha kuridhika kidogo zaidi na maisha yao. Siri iliwapa uamuzi, na ikawagharimu amani.

Nilimsomea dada yangu matokeo hayo. Alisema hakuhitaji kwenda Lusaka kuyajua.

Miaka mingi baadaye nilizungumza na shemeji yangu pia. Alikuja kuijua habari ya kadi baada ya uzazi wa sita, daktari wa hospitali ya wilaya alipomweka chini na kumweleza kwamba mkewe asingevuka uzazi wa saba. Wakakubaliana afunge kizazi, na yeye ndiye aliyetia saini. Nilipomuuliza kama angekubali mapema, alifikiri kwa muda. Akasema mama yake alikuwa bado hai, na ng'ombe walikwisha kulipwa. Wanaume wenzake mnadani walikuwa na watoto wanane, tisa. Kisha akasema kwamba kwa miaka kumi na miwili ya ndoa alikuwa amempeleka mkewe kliniki mara nyingi akiwa na baiskeli, na kila mara alibaki nje chini ya mti, kwa sababu kibao kilisema ni kliniki ya mama na mtoto. Hakuna aliyewahi kumwita ndani kumweleza kwamba damu ile ya uzazi wa tano ilikuwa hatari. Yeye alidhani ndivyo uzazi ulivyo.

Wapo watakaochukua maneno ya shemeji na kusema: basi kila mwanamke aje na mume wake. Hilo ndilo kosa ambalo baadhi ya vituo hulifanya tayari, kinyume cha miongozo, kwa kumrudisha mwanamke aliyekuja peke yake. Ukimfanya mume kuwa mlango wa huduma, unawafungia nje wale wenye kadi kwenye droo, na hao ndio wenye shida kubwa kuliko wote. Wapo pia watakaosema mwanamume hahusiki, mwili si wake. Kisheria na kimaadili hilo ni kweli. Lakini dada yangu ataishi na shemeji yangu, hataishi na miongozo ya wizara.

Msimamo wangu ni kwamba mambo haya mawili yafanywe yote, kwa mpangilio. Kwanza droo ilindwe. Mwanamke apate njia anayoitaka, peke yake, kwa siri, bila kuulizwa mume yuko wapi. Zahanati iwe na akiba ya dawa isiyokatika, na siku za huduma zifuate kalenda ya maisha ya watu, ikiwa ni pamoja na siku za mnada. Hilo halina masharti. Pili, na kwa njia iliyo tofauti kabisa na dirisha la huduma, mwanamume aelezwe hatari za uzazi wa mfululizo: chini ya mti pale anapongojea, mnadani, kwenye vikao vya ushirika wa pamba, msikitini na kanisani. Aelezwe kama mtu anayeweza kumpoteza mkewe, kwa kuwa ndivyo alivyo. Asiombwe ruhusa, kwa kuwa hajapewa mamlaka ya kuitoa.

Kwa wanafunzi wangu, nina ombi dogo la kitaaluma. Mtakapoandika tasnifu zenu kuhusu sababu zinazoathiri matumizi ya uzazi wa mpango, msiishie kwenye jedwali la umri, elimu na dini. Muulizeni mwanamke kadi yake anaihifadhi wapi. Jibu lake litawaeleza habari za mume, mama mkwe, muuguzi na bohari ya dawa kwa pamoja.

Kwa watumishi wa halmashauri, bajeti ya mwaka ujao wa fedha itawafikia kabla ya mvua za masika kwisha. Kifungu cha dawa za uzazi wa mpango huwa miongoni mwa vya kwanza kupunguzwa, kwa kuwa hakuna anayeandamana kikipunguzwa. Wanawake wanaokitegemea hawawezi kuandamana, kwa sababu hakuna anayejua kwamba wanakitegemea. Kabla ya kukikata, nendeni kwenye zahanati moja ya kata, mwombeni muuguzi awaambie zipo kadi ngapi kwenye droo yake. Msizisome majina. Zihesabuni tu, kisha mrudi mkapange bajeti.